Mzungu wa Ukutani Hakuwa Bwana Wangu

Beni, Jumatano tarehe 18 Julai 2001

Kwa Bwana Gérard Kitsa,
Patron wa Nyumba ya Wageni «Kumbukumbu»,
Commune ya Vulamba, Butembo

Bwana Patron,

Nimepoteza ujane wangu. Niliupoteza siku ya Alhamisi iliyopita, tarehe 12, kati ya saa kumi na saa kumi na moja za jioni, katika nyumba yako, mbele ya watu arobaini na watatu walioketi, maaskari tisa waliosimama, na picha moja ya ukutani.

Najua watu wengi huandika barua kulalamika kwamba wamepoteza bwana. Mimi bwana nilimpoteza déjà, miaka sita iliyopita, kwa utaratibu, na cheti ninacho. Ninacholalamikia ni kwamba nyumba yako imenipa bwana wa pili bila kuniuliza, na imenipa akiwa amekwisha kufa, kwa hiyo hata kumkataa siwezi, maana nani atamwambia.

Sasa nikusalimu, kwa sababu mama yangu alinifundisha kwamba hata mtu unayemshitaki unamuuliza kwanza kama ameamka vizuri. Natumaini umerudi salama kutoka Kampala na umezipata zile bawaba za milango za mtindo wa kizamani ulizozifuata. Haya, salamu zimekwisha.

Mimi ni Orpa Kavuo, mjane wa marehemu Mathe, mwenye duka la chumvi, sabuni na mafuta pembeni ya soko la Beni. Nilianza na chumvi ya kupima kwa kijiko, nimekaa juu ya gunia tupu. Leo nina mlango wa chuma wenye makufuli mawili. Tangu vita ilipowakimbiza ndugu zangu kutoka vijijini, nyuma ya duka hilo tunalala watu kumi na saba, na wenzangu wote kumi na sita wanapotafuta kitu, kuanzia sindano mpaka shauri la ndoa, wanaita jina langu. Daktari alinipima tension ya damu akasema, Mama, usipopumzika siku tatu mahali ambapo hakuna anayekuita, tutapumzika sisi kwenye kilio chako. Wiki hiyohiyo redio ikatangaza nyumba yako: nyumba ya mkulima wa kahawa wa zamani, iliyorudishwa kama ilivyokuwa, kimya kamili, njoo ulale ndani ya historia. Nyumbani niliaga kwamba napanda Butembo kutafuta sabuni. Nikapanda kutafuta kimya.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu makuti.

Niliposhuka kwenye pikapu Jumatano tarehe 11 nilikuta nguzo mbili za lango lako zimefungwa makuti mabichi. Bwana Patron, umekaa Ulaya miaka mingi, mais ulizaliwa hapa. Mchikichi ni mti wa kwetu Beni, kwenye joto. Butembo baridi inaukataa. Mtu anayepandisha makuti kilometa hamsini na nne kwenye barabara yetu hii, akapita vizuizi vyote, na kila kizuizi kikamuuliza yanaenda wapi, huyo ana sababu. Sababu ninayoijua mimi ni moja: ndani kuna mtu amelala na hataamka.

Nilifungua kitambaa changu cha maua, nikafunga cheusi, nikaingia polepole nikamwambia binti yako wa mapokezi, Elsa, kwamba poleni sana. Naye akainamisha kichwa akajibu asante sana Mama, karibu. Baadaye nilielewa kwamba ulimwagiza amshukuru kila mgeni kwa kila jambo, na asimwambie mgeni yeyote neno «hapana». Siku ile nilijua tu kwamba nimetoa pole na pole yangu imepokelewa.

2. Kuhusu vitu vya historia.

Katika kabati ya kioo umeweka taa ya petroli, pasi ya mkaa na jiwe la kusagia, pamoja na kikaratasi: «Usiguse. Zamani waliishi hivi.» Zamani ipi, Bwana Patron? Taa kama hiyo niliiacha nyumbani kwangu alfajiri ileile ikiwa bado ya moto. Pasi kama hiyo ndiyo iliyonyoosha kitenge nilichokuja nacho. Na jiwe kama hilo shangazi yangu alilibeba kichwani siku ya kukimbia, akaacha kitanda. Jenereta yako ilizimwa saa mbili ili kuokoa mazuti. Nikaomba taa. Elsa akasema kwa adabu kubwa kwamba taa ipo, lakini ni ya kutazamwa. Tukakaa gizani tukiitazama, kwa kadiri giza lilivyoturuhusu.

Bafu sitalizungumzia. Lina miguu minne ya simba na maji hayamo. Inaelekea maji yaliona miguu hiyo yakarudi kwenye chemchemi.

3. Kuhusu sebule.

Unataka ile sakafu ya mbao ya mwaka 1936 ionekane. Ni haki yako, sakafu ni nzuri, hata mimi niliikanyaga kwa heshima. Donc umeviondoa viti vyote ndani ukavitoa uwanjani. Ukatandika mikeka kandokando ya kuta. Juu ya meko ukatundika picha kubwa ya mzungu aliyeijenga nyumba, Monsieur Hector, mwenye masharubu na kofia mkononi. Chini yake ukaweka meza ndogo, kitambaa cheupe, maua meupe, mshumaa unaowaka. Na mlangoni ukaandika «Silence».

Nakuuliza sasa si kama mteja, nakuuliza kama mama, mwanangu Gérard: katika Butembo nzima, na Beni, na Lubero yote, unaijua sebule isiyo na viti, yenye mikeka, picha, maua na mshumaa, ambamo watu wananyamaza, na hakuna aliyekufa?

4. Kuhusu moto.

Kila jioni, kwa maagizo yako, Elsa anawasha moto mkubwa katikati ya uwanja na kupanga viti kumi na sita kuuzunguka. Ameniambia unauita «hali ya nyumba». Sisi tuna jina lingine.

Wa kwanza kuuona alikuwa Mzee Jephté, jirani yako wa upande wa bonde. Alikuja na gogo begani, akalitua, akakaa, akanyamaza. Mimi nilikuwa nimekwisha kukaa, maana ningelalaje chumbani wakati wenye nyumba wanakesha nje. Mtu wa tatu alipopita njiani akaona watu wazima wawili wamenyamaza mbele ya moto, akaenda kwake akarudi na kuni. Wa nne akaleta maharage.

Hapa nikukumbushe jambo ambalo huenda Ulaya imelifuta. Kwetu mtu hafiki kwenye kilio akauliza nani amekufa. Ni aibu, ni kama kusema huyo marehemu hakuwa mtu wa kujulikana. Unakaa, unaegemeza shavu kwenye kiganja, unangoja, na jina litakujia lenyewe kabla hakujakucha. Usiku ule halikuja. Kila mmoja alidhani mwenzake analijua. Mimi nilidhani Mzee Jephté analijua, kwa namna alivyokuwa akitikisa kichwa kwa uchungu saa nzima. Nimekuja kuambiwa ana ugonjwa wa shingo.

Alhamisi asubuhi tulikuwa kumi na mmoja. Adhuhuri ishirini na wanane. Kufika alasiri, arobaini na watatu kwenye viti kumi na sita, na hakuna anayeongoza. Hilo ndilo siliwezi. Nimesimamia watu na mizigo maisha yangu yote; siwezi kukaa nikitazama maharage yanagawanywa katika sufuria tatu wakati mbili zinatosha. Nikasimama. Nikapeleka wanaume motoni, wanawake kwenye mikeka, kuni nene zikawekwa kando kwa ajili ya usiku, nikaonja mboga nikaagiza chumvi iongezwe. Ikaongezwa.

Hilo lilikuwa kosa langu, na ni moja. Kwenye kilio, mwanamke anayeagiza chumvi na asibishiwe, huyo ndiye aliyefiwa. Nilianza kuona watu wanaponiletea maji wananishika mkono kwa mikono miwili.

5. Kuhusu komanda.

Saa kumi ilipopita kidogo, pikapu ya maaskari ikaingia. Maaskari wa wakubwa gani, sitataja. Herufi za chama chao zinaweza kubadilika kabla barua hii haijapanda mlima. Walikuwa wamesikia kuna nyumba ya vyumba tisa juu ya kilima, yenye magodoro mapya, na barabara inaonekana pande zote mbili. Walikuja kuitazama kwa jicho la kuhamia.

Komanda alishuka kwa nguvu, akaona makuti, akasita. Akaona moto, akapunguza mwendo. Akapanda baraza, akachungulia sebule, akaona mikeka na mshumaa. Yeye ni mtu wa mbali, na haya zetu hazimhusu, kwa hiyo akauliza kile ambacho watu arobaini na watatu walikuwa wamekifunga tumboni tangu jana.

«Nani alikufa hapa?»

Wote wakanigeukia. Niliona nyuso zao, Bwana Patron. Zilisema: hatimaye tutajua. Nami nikamgeukia Elsa, nikamuuliza kwa sauti ya chini kabisa, na Elsa akaninong'oneza: «Mama, hapa hakuna mutu alikufa. Hii ni décor.»

Sijui kama wewe umewahi kupewa pumzi moja tu ya kufikiri. Upande huu magodoro tisa. Upande ule Elsa, anatetemeka mpaka shanga za nywele zinagongana. Nyuma yangu watu ambao, wakisikia walilia kwa ajili ya mapambo, watatawanyika kama kuku na kutuacha sisi wawili na pikapu. Nilihitaji maiti, tena upesi. Katika nyumba nzima alikuwemo mmoja tu, naye alikuwa ukutani.

«Ule pale,» nikasema.

Komanda akamtazama Monsieur Hector. Akanitazama mimi. Akarudi kwa Monsieur Hector, akakaa naye muda.

«Alikuwa bwana yako?»

«Ndiyo. Alikuwa bwana yangu.»

Komanda akavua bereti. «Pole, Madame,» akasema.

Lipime neno hilo. Nilikuwa Mama tangu mwaka 1971, na nimeufanyia kazi umama huo. Umadame niliupata kwa sentensi moja ya uongo, nimesimama na mwiko mkononi.

Silaha zikaegemezwa kwenye nguzo za lango, chini ya makuti. Maaskari wako wakala maharage yetu, nawaita wako kwa sababu waliijia nyumba yako. Komanda akakaa kwenye mkeka, akala sahani mbili, akaniambia kwamba baba yake alizikwa yeye akiwa mbali na hajawahi kukaa kwenye moto wake. Akaukalia ule wa Monsieur Hector mpaka jua likazama. Alipoondoka aliacha walinzi wawili langoni ili mtu yeyote asiwasumbue wafiwa, na kesho yake akatuma gunia la mchele. Lilikotoka sikuuliza. Kwenye kilio hakuulizwi.

Kwa hiyo nyumba yako ina magodoro yake yote tisa mpaka leo. Shukrani sidai. Nadai ujane wangu.

6. Kuhusu wembe.

Marehemu alipopata mjane, kilio kikapata nguvu. Wakatoliki wakasema mzungu wa kahawa hawezi kuwa kitu kingine ila Mkatoliki, wakaingia chumba cha kulia na rozari. Sisi Waprotestanti tukasema marehemu ni wenu, mjane ni wetu, tukaanza nyimbo barazani. Kulikuwa na wakati pande mbili zilikutana kwenye korido, kila upande ukiwa katikati ya ubeti, na hakuna aliyekubali kushusha sauti. Kimya kamili ulichokitangaza redioni nadhani kilitokea dirishani.

Halafu akaja mama mmoja mkubwa wa mtaa na beseni la maji ya vuguvugu na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Alikuja kuninyoa, kama ipasavyo.

Hapo sikucheka. Nywele zangu nilizitoa mara moja, kwa Mathe. Mathe ndiye aliyetembea na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, imejaa chumvi kutoka mwanzo wa soko mpaka mwisho, mimi nikisukuma nyuma, tulipokuwa hatuna hata gunia letu la kukalia. Alipokufa nilikaa chini nikanyolewa na sikumtazama mtu. Jambo hilo halifanyiwi mtu wa ukutani. Nikamwambia yule mama kwamba desturi ya kizungu ni kuomboleza na nywele zako kichwani. Akanionea huruma. Akasema ndiyo maana wazungu uchungu hauwaishi.

7. Kuhusu shemeji yangu Ananie.

Habari haishuki kutoka Butembo kwa gari. Inashuka kwa foni, ile redio ya wafanyabiashara ambayo mji wote unaisikiliza na kila mmoja anasema yeye hasikilizi. Ijumaa kabla ya watu kunywa chai, Beni ilikuwa inajua kwamba Mama Orpa aliyekwenda kutafuta sabuni amefiwa na bwana wake mzungu, mwenye kahawa, na kwamba jeshi limemheshimu. Adhuhuri Ananie alikuwa Butembo.

Ananie ni kaka mkubwa wa marehemu Mathe, na ni mzee wa kanisa letu. Alishuka kwenye pikipiki amekauka kwa baridi, akaingia sebuleni, akasimama mbele ya Monsieur Hector mikono nyuma kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Ndipo akasema bila haraka: «Shemeji, sisi tulijua uko kwenye sabuni. Kumbe uko kwenye kahawa.»

Nilimvuta mpaka karibu na picha nikamwonyesha kibao kidogo cha shaba ulichokipigilia chini yake, ambacho maua yalikuwa yamekificha: 1881–1949. Nikamwambia, shemeji, mimi nimezaliwa mwaka 1953, na wewe unajua, maana ulikula kwenye arusi yangu ukauliza umri wangu mara mbili. Fanya hesabu ya kutoa. Ili niwe mjane wa mtu huyu ilibidi nifiwe miaka minne kabla ya kuzaliwa. Mimi ni mtu wa kuamka mapema, lakini mapema hiyo imezidi.

Ananie alikisoma kibao mara mbili. Akajibu kwamba miaka ya wazungu inaandikwa na wazungu wenyewe, nani alikuwepo. Na kwamba mimi kwa kinywa changu nilikiri mbele ya askari, na mtu hakiri mbele ya askari jambo ambalo si kweli. Nilikuwa nimezungukwa na mashahidi arobaini na watatu wa ukweli huo, wote wakiwa wameshiba maharage yangu.

Kama hujaelewa kwa nini anang'ang'ania, nikueleze. Duka langu limesimama kwenye kiwanja cha Mathe. Mjane wa Mathe anakaa hapo mpaka Mungu amwite. Mke wa mtu mwingine, hata mtu huyo akiwa picha, anafungasha masufuria yake na kuondoka. Familia ya Mathe itakaa Jumapili hii, tarehe 22, baada ya ibada, na Ananie ndiye atakayefungua kikao kwa sala. Tofali za duka lile nilizichoma mwenyewe. Makufuli yale mawili niliyanunua mwenyewe. Watu kumi na saba wanalala nyuma yake, nami nikiwa mmoja. Yote hayo yanaweza kwenda kwa sababu wewe ulipenda makuti.

Jumamosi tulifunga kilio, maana huwezi kuondoka ukaacha kilio wazi, hata cha mapambo. Nililazimika kusema maneno machache juu ya marehemu. Nilisema alikuwa mtu mtulivu, na katika siku zote nilizokaa naye hakuwahi kunipandishia sauti. Watu walilia.

Basi, Bwana Patron, pesa yangu sitaki irudi. Nataka haya:

Kwanza, uandike cheti, kwa karatasi yenye jina la nyumba yako, sahihi na muhuri, kwamba Monsieur Hector aliishi na akafa bila kunijua, na kwamba mimi nililala chumba namba nne, peke yangu, nikiwa mteja wa kawaida. Kisomwe kanisani Jumapili, kabla Ananie hajafumba macho kusali.

Pili, makuti yashuke, viti virudi ndani, mshumaa uzimwe. Na moto usiwashwe tena uwanjani pako mpaka siku atakapokufa mtu kweli, ambaye simtakii awe wewe.

Tatu, ile picha uigeuze itazame ukuta, mpaka mji unisahau au Monsieur Hector anisahau, yeyote atakayetangulia.

Barua hii inaletwa na Mbusa, dereva wa pikapu ya bluu, na jibu atalibeba yeye. Nalitaka mkononi mwangu Jumamosi tarehe 21, kabla ya saa sita mchana. Usiniandikie asante kwa maoni yako. Elsa amekwisha kunishukuru mara nyingi za kutosha.

Nisalimie Elsa, umwambie mtoto wa watu anaruhusiwa kusema hapana, itamfaa maishani. Msalimie Mzee Jephté na shingo yake. Wasalimie Wakatoliki wa chumba cha kulia, kwa kweli waliimba vizuri kuliko sisi, ila usiwaambie Waprotestanti. Yule mama wa wembe msalimie kwa mbali. Na komanda, kama bado anapita jioni kuota moto, mwambie namkumbuka baba yake katika sala.

Ni mimi, kwa heshima na kwa hasira, kila kimoja kwa kipimo chake,

Orpa Kavuo,
mjane wa Mathe, wa Mathe peke yake

Nyongeza, Alhamisi tarehe 19, mchana. Pikapu ya Mbusa iliharibika jana, barua imelala kwangu, na mambo yamesogea kidogo.

Asubuhi hii Ananie alikuja dukani na kamba, akaanza kupima kiwanja. Alikuwa ameinama kwenye kona ya pili maaskari watatu walipoingia. Hawa ninawajua. Kila wiki wanakuja, wanachagua sabuni, wanasema taifa litalipa, na mpaka leo taifa sijaliona uso. Nikasogeza sabuni mbele ili yaishe haraka. Wakavua kofia. Mkubwa wao akasema, «Pole na msiba, Madame,» akachukua vipande vitatu, akalipa vyote. Walipotoka wakamuuliza Ananie anafanya nini na kamba kwenye nyumba ya Madame.

Ananie akaikunja kamba. Alirudi baada ya saa moja na kuku mwenye afya. Anasema familia imetafakari na haioni sababu ya kikao. Anasema pia kwamba katika nyakati kama hizi si vizuri mjane wa mzungu akaachwa bila mashemeji, na akaniuliza kama magunia yake mawili ya chumvi yanaweza kulala dukani kwangu, ambapo maaskari wana adabu.

Donc cheti usiandike. Kama umekwisha kukiandika kabla ya kufika mstari huu, kitie kwenye huo moto, ambao naona hauna ubaya wowote, uendelee kuwashwa. Makuti pia yabaki; yakinyauka nitakupandishia mengine kutoka huku.

Ninachotaka sasa ni picha. Mpe Mbusa, uifunge kwa blanketi, kioo kisipasuke. Nitaitundika dukani nyuma ya mizani, na kando yake nitaitundika ile ndogo ya Mathe. Mathe nitamwelezea mwenyewe. Alikuwa mtu wa biashara, ataelewa. Kibao cha shaba chenye miaka kibaki huko huko.

Nijibu kwa neno moja, Jumamosi kabla ya saa sita mchana: unanipa bwana wangu, au humtoi?